Barua kwa Wenyeviti wa Vijiji: Mkutano Mkuu Si Hisani Yenu

Wanangu wenyeviti wa vijiji, pamoja nanyi wajumbe wa halmashauri za vijiji,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na wale mnaosema shikamoo tu, marahaba.

Tangu mchaguliwe tarehe 27 Novemba 2024 mmeshakaa vitini muda wa kutosha kuzoea kuitwa waheshimiwa. Mimi ni mtendaji wa kijiji mstaafu huku Kilwa, na ninachowaandikia ni kimoja: itisheni mkutano mkuu wa kijiji. Kila miezi mitatu, kama mlivyoelekezwa. Napita vijiji vingi kwa misiba na harusi, nauliza mkutano wa mwisho ulikuwa lini, watu wanatazamana.

Tukitaja mfumo wa utawala, vijana hufikiria Ikulu na Bunge. Mimi hutazama jambo dogo zaidi: nani aliyemweka mtawala, na nani anaweza kumwondoa. Sisi wa Kusini tumelipia somo hilo.

Mjerumani alituletea akida. Mara nyingi alikuwa mtu wa mwambao, anajua kusoma na kuandika, amepewa eneo ambalo hakuzaliwa wala hakuoa. Alikusanya kodi, akahakikisha watu wanalima pamba kwa nguvu kabla hawajagusa mashamba yao. Hakuwa lazima awe mtu mbaya. Lakini aliyemweka alikuwa bwana mkubwa wa boma, na hesabu yake aliitoa huko. Mwanakijiji aliyeonewa hakuwa na pa kusemea, maana pa kusemea ni palepale palipomtuma akida. Julai 1905 Wamatumbi waking'oa pamba Nandete, walikuwa hawajabakiwa na njia nyingine ya kuuliza swali. Vita vya Maji Maji vikaenea hadi Ungoni na Mahenge, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Mwingereza alikuja na akili nyingine. Gavana Cameron, kwa sheria ya mwaka 1926, akasema atatawala kupitia machifu wetu wenyewe. Ilisikika vizuri. Pasipokuwa na chifu alitafutwa mtu akavalishwa kilemba. Na hata pale uchifu ulipokuwa wa asili, kitu kilibadilika ambacho watu hawakukiona mapema: zamani chifu akizidisha, watu walihama au wazee wakamkalia kikao. Sasa nyuma yake alisimama mkuu wa wilaya. Alibaki na kiti chake na ngoma zake, ila hakuwahitaji tena watu wake. Ndiyo maana uchifu ulipofutwa mwaka 1963, sehemu nyingi hakuna aliyelia.

Kisha tukajitawala, na hapa ndipo ningependa mnisikilize vizuri, kwa kuwa mara hii waliotuamulia walikuwa ni sisi wenyewe na nia ilikuwa njema. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa. Mpango uliitwa Madaraka Mikoani. Wataalamu walitoka Dar es Salaam wakapelekwa mikoani na wilayani kupanga maendeleo karibu na wananchi. Karibu walikuja kweli. Walichokosa ni mwananchi wa kuwauliza. Halmashauri zilizokuwa zikitunza barabara, zahanati na visima hazikuwepo, na ofisa aliyekalia nafasi hiyo aliajiriwa na wizara. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa. Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, ikaendeshwa miaka hiyohiyo, na kuna watu walihamishwa na mahindi yakiwa shambani. Mwaka 1978 halmashauri za miji zilirudishwa kwa sababu hali ya miji ilikuwa imeshindikana. Za wilaya zikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1984 alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na ushirika lilikuwa kosa. Viongozi wa kusema hivyo wakiwa bado madarakani ni wachache.

Vijana wa vyama vingi hupenda kutucheka sisi wa chama kimoja. Wacheke, ila wajue kuwa mwaka 1965, ndani ya chama kimoja, wapiga kura walipewa wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na Paul Bomani, waziri wa fedha, akaangushwa. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, baada ya Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu mfumo wa vyama, kukuta kwamba karibu asilimia 80 ya waliohojiwa wanataka kubaki na chama kimoja, na bado ikashauri mabadiliko. Nadhani ilishauri sawa. Lakini uchaguzi wenu wa 2024 umekiachia chama kimoja takriban asilimia 99 ya vijiji, vyama vya upinzani vikilalamika kwamba wagombea wao waliondolewa kwenye orodha. Wapo kati yenu ambao hamkuwa na mpinzani hata wa kuwauliza swali jukwaani. Sitafuti ugomvi na chama chenu, nami nina kadi yake. Nasema tu kwamba kama swali halikuulizwa kwenye kampeni, mahali pekee palipobaki ni mkutano mkuu. Mkiufunga na huo, mmekuwa maakida wenye kadi ya mpiga kura.

Sheria haikuwapa nyinyi kijiji. Mamlaka ya juu kijijini ni mkutano mkuu, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, na ndio wenye uwezo wa kuwatoa. Halmashauri ya kijiji, wajumbe 15 hadi 25, inatekeleza. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hamwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Mnalijua hilo, ndiyo maana ipo mihtasari ya kupikwa. Niliwahi kuonyeshwa muhtasari wa mkutano uliokubali kumpa mwekezaji eneo la malisho, na kwenye orodha ya waliohudhuria wamo marehemu wawili niliowazika mwenyewe.

Mkitaka kuona upande wa pili, nendeni Nanjirinji, hapahapa Kilwa. Kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kijiji kinaweza kutenga msitu wake, kuusimamia na kuweka mapato yake. Waliuza mbao za msitu wao, fedha zikaingia mfuko wa kijiji, na matumizi yakajadiliwa na wenye kijiji. Sisemi hakuna aliyenung'unika. Penye fedha na mkutano kelele ni lazima, na kelele hiyo ni nafuu kuliko ukimya wa kijiji ambacho hakuna anayejua magogo yaliuzwa kwa nani.

Sasa mambo ya kufanya. Mkutano usipangwe siku ya mnada wala wakati wa palizi, halafu mseme watu hawana mwamko. Mbiu ipigwe siku kadhaa kabla. Mapato na matumizi yabandikwe kwenye mti au ukuta, kwa tarakimu kubwa, kabla ya mkutano, ili mtu aje na swali lake tayari. Mtendaji akisema ni maelekezo kutoka juu, mwombeni barua, isomwe mbele ya watu. Barua nyingi za juu hazipo. Atakayewakera kwa maswali msimweke ndani kwa kisingizio cha kuvuruga mkutano. Mpeni nafasi ya kwanza azungumze akiwa hajachoka.

Na wanawake. Sheria inawapa angalau robo ya halmashauri ya kijiji, na tatu kati ya nafasi saba za baraza la ardhi la kijiji. Kwenye mikutano mingi niliyoandika muhtasari walikaa nyuma, chini, na watoto, wakati viti vya mbele vikijaa wazee kama mimi tunaosinzia. Ajenda ya maji iwekeni juu, kabla hawajaondoka kwenda kupika. Mkiiweka mwisho mtaijadili na watu wasiobeba ndoo.

Wenu,
Mtendaji wa kijiji mstaafu, Kilwa