Asante dada wa leso ya manjano

Dada uliyekuwa na leso ya manjano kwenye foleni ya basari, ule msaada wa karo, sikukuuliza jina na mpaka leo limenikaa rohoni. Fomu ya mwanangu haikuwa na muhuri wa chifu na siku yenyewe ndio ilikuwa ya mwisho, ukanishika mkono ukasema mama twende, ukanilipia boda hadi kwa chifu, tukarudi wakikaribia kufunga. Cheki imefika shuleni, mtoto yuko darasani! Watu humshukuru mheshimiwa mbunge tu, na kweli hii CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge hapa Kenya unaotoa basari, tangu 2003 imesomesha wengi, saa hizi iko maeneo bunge yote 290, lakini bila wewe fomu yangu ingebaki kwa mkoba. Asante sana dadangu, Mungu akuzidishie.