Mwambie Kuhusu Kifua

Kondele, Kisumu

Dada mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Barua yako ilinifikia Jumamosi, nikamsomea baba watoto. Aliposikia kwamba kaka yako ameanza kemo ya limfoma, ile saratani ya tezi, hapo Nakuru, alisema neno moja tu: "Mwambie kuhusu kifua." Ndiyo maana nakuandikia upesi.

Baba watoto mwenyewe alikuwa amemaliza raundi nne za kemo. Tezi za shingoni zilikuwa zimenywea, tukawa tunamshukuru Mungu. Kisha kikaja kikohozi kikavu, cha kukwaruza, hakina makohozi. Akitoka bombani na mtungi wa lita 20, anautua mara tatu kabla ya kufika mlangoni, na huyu ni mtu aliyezoea kubeba miwili. Kliniki moja ya karibu wakasema ni nimonia. Wakampa antibiotiki, zikaisha, wakampa nyingine. TB wakapima, hawakuiona. Wiki tatu zilipotea hivyo, na mpaka leo zinaniuma.

Aliyetuokoa ni muuguzi wa kemo. Alimwinua shati asikilize kifua, akaona michirizi myeusi mgongoni, kana kwamba amechapwa fito. Akauliza, "Bleomisini amepata mara ngapi?" Hiyo ni mojawapo ya dawa zake za kemo. Alitueleza kwamba mwili una kimeng'enya cha kuivunja dawa hiyo, ila kwenye mapafu na ngozi ni kidogo mno. Basi ukali wake hubaki huko, na mapafu huvimba hadi yakaanza kufanya makovu. Daktari aliisimamisha siku hiyo hiyo, akamwanzishia prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe. Zile dawa nyingine za kemo ziliendelea.

Nakuomba, kaka yako aulize kama bleomisini imo kwenye dripu zake. Figo zipimwe, maana dawa hiyo hutoka kwa mkojo. Zikilegea, inakawia mwilini. Kama anavuta sigara, aache. Akikohoa hata kidogo, aseme kabla ya kuwekewa dripu. Na akija kufanyiwa upasuaji, hata miaka ikipita, mtoa nusukaputi aambiwe, kwa sababu oksijeni nyingi inaweza kuyaumiza tena mapafu hayo. Mimi nimeandika jina la dawa kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la kitabu chake cha kliniki.

Kupanda kilima cha Riat bado hawezi. Lakini jana alitembea hadi soko la Kibuye, akarudi na samaki wawili, ngege, na hakusimama njiani.

Niandikie kaka yako akishajibiwa.

Rafiki yako wa Kondele