Tembo wa msituni wanaisha, barabara za magogo zifungwe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo linaniuma kweli. Ukitaja tembo watu wanawafikiria wale wa mbugani tu, kumbe kuna wale wa msituni, bonde la Kongo na misitu ya Afrika Magharibi, wana umbo dogo kidogo, masikio ya mviringo, na pembe zao zimenyooka kuelekea chini, ngumu sana, mafundi wa kuchonga wanazipenda na ndo zimewaponza. Mwaka 2021 IUCN, ule muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa asili, iliwatangaza kuwa hatarini kabisa kutoweka, wamepungua zaidi ya asilimia 86 ndani ya miaka 31!

Na hawazai haraka hawa. Jike anafikisha miaka 20 na zaidi ndo anapata mtoto wa kwanza, mimba karibu miezi 22, halafu mpaka azae tena ni miaka mitano, sita. Mei 2013 majangili waliingia Dzanga Bai, Jamhuri ya Afrika ya Kati, pale uwazini tembo wanapochimba matope kutafuta chumvi, wakaua 26. Minkébé kule Gabon, kati ya 2004 na 2014 walipotea karibu asilimia 80, na ile ni hifadhi ya taifa jamani.

Mi naona tunahangaika na bunduki tunasahau njia. Kampuni ya mbao inachonga barabara katikati ya msitu, inavuna magogo yake inaondoka, barabara inabaki wazi, na pale ambapo zamani mtu alitembea siku kadhaa kwa mguu sasa anafika na pikipiki na kurudi na pembe usiku huohuo. Kibali cha kuvuna kisitolewe bila sharti la kuziba barabara kazi ikiisha, na malori ya magogo yapekuliwe mpaka chini ya mzigo.

Halafu wanunuzi. CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, ilipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe tangu 1989, China nayo ikafunga soko lake la ndani mwisho wa 2017, hapo napongeza kabisa, lakini Japani soko la ndani bado lipo na pembe ikishachongwa nani atajua imetoka wapi?

Ombi langu kwenu waandishi, kesi za pembe msiziache siku mtuhumiwa anapopigwa picha na mzigo, maana mara nyingi huyo ni mbebaji tu. Fuatilieni mpaka hukumu, mtuambie mwenye mzigo ni nani na nani alimlipia wakili.

Msomaji wenu