YAH: MALALAMIKO KUHUSU VIDONGE VYA KOTRIMOKSAZOLI KUUZWA BILA ONYO KWA KISWAHILI

Makorora,
Tanga.

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mdogo wangu wa kike alinunua vidonge vyenu katika duka la dawa mjini hapa ili kutibu maambukizi ya njia ya mkojo. Wiki ya pili homa ilimpanda, macho yakawa mekundu na koo likamuuma, kisha malengelenge yakamtoka mdomoni, kifuani na sehemu za siri, na ngozi ikawa inabambuka kila ilipoguswa. Hospitalini madaktari walisema ni ugonjwa wa Stevens-Johnson, yaani madhara makali ya dawa yanayobambua ngozi na kuchubua mdomo na macho, wakamsimamishia dawa mara moja. Namshukuru Mungu yu hai, ingawa macho yake hadi leo ni makavu na hayastahimili mwanga.

Silalamiki kwamba dawa yenu ina madhara, kwani hakuna dawa isiyo nayo, na hii imewalinda watu wengi wanaoishi na VVU. Nalalamikia ukimya wa pakiti yenu. Karatasi ya maelezo ni ya Kiingereza kitupu, tena kwa herufi ndogo mno, na muuzaji anapomkatia mteja vidonge vichache karatasi hiyo hubaki dukani. Utotoni mdogo wangu alitokwa na vipele vikali alipopewa SP ya malaria, ambayo, kama vidonge vyenu, ina dawa ya kundi la salfa, na aliyewahi kudhurika namna hiyo hapaswi kupewa salfa tena. Lau pakiti ingemuuliza jambo hilo moja kwa lugha anayoisoma, asingemeza hata kidonge kimoja.

Wenye VVU wamo hatarini zaidi kupata ugonjwa huu, takriban mara 100 kuliko watu wengine, na kwa baadhi ya dawa hatari hurithiwa katika vinasaba. Ukanda wetu uliwahi kuonja haya kwa thiasetazoni, dawa ya kifua kikuu ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri wenye VVU wasipewe, kwa sababu hiyohiyo ya ngozi. Ngozi ikibambuka zaidi ya asilimia 30 ya mwili, karibu theluthi ya wagonjwa hufariki, na kuacha dawa mapema ni sehemu kubwa ya uokozi.

Kwa hiyo naomba onyo lichapwe kwa Kiswahili nyuma ya kila safu ya vidonge, likitaja salfa, vipele, vidonda vya mdomoni na macho mekundu, na kumtaka mgonjwa aache dawa na kwenda hospitali. Naomba pia mthibitishe kwa maandishi kwamba tukio hili mmeliripoti kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Wako mwaminifu,
Ndugu wa mgonjwa