Barua kwa mwanangu: jina lako litaandikwa wapi?

Mwanangu mpendwa,

Nimepata habari kwa dada yako, wala si kwako, kwamba wiki ijayo unakwenda kurekodi albamu nzima na kwamba hamjaandikiana chochote. Tangu jana usingizi umenipaa. Nina swali moja tu: jina lako litaandikwa wapi?

Utaniambia kwamba fundi wa sauti hafanyi kazi kwa ajili ya jina. Hayo ni maneno ya mtu ambaye hajadhulumiwa bado. Albamu ikishatoka, mwimbaji atasifiwa kwa sauti yake na prodyuza kwa ubunifu wake, nawe utakuwa yule kijana wa mitambo, ilhali ni wewe uliyeamua maikrofoni ikae wapi, na kuisogeza shubiri moja tu kuelekea mdomoni kunatosha kuifanya sauti iwe nzito, kana kwamba mtu anakunong'oneza sikioni. Huko si kubonyeza vitufe. (Aliyezoea kukuita mbonyeza vitufe mbele ya wageni unamjua, tuyaache hayo.)

Nimesoma habari za fundi wa sauti Geoff Emerick, ambaye mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 20, alikabidhiwa kulirekodi kundi la The Beatles katika albamu ya Revolver. John Lennon, mmoja wa waimbaji wa kundi hilo, alitaka sauti yake isikike kama inatoka kileleni mwa mlima, na kijana yule akaipitisha kwenye spika inayozunguka, iliyoundwa kwa ajili ya kinanda. Ngoma kubwa ya mguu aliijaza sweta, kisha akaisogezea maikrofoni karibu kuliko kanuni za studio zilivyoruhusu. Nyimbo hazikuwa zake, lakini mlio ule ulitoka mikononi mwake. Mwaka 1968 alipata tuzo ya Grammy ya ufundi wa kurekodi, kwa albamu nyingine ya kundi hilohilo. Angetuzwaje kama asingejulikana ni nani aliyefanya kazi ile?

Nimeisikiliza pia kazi yako ya mwisho kwa vile visikilizio ulivyoviacha. Kabla ya ubeti wa mwisho mwimbaji anavuta pumzi, nawe hukuikata. Mwanzoni nilidhani umepitiwa. Niliporudia mara ya tatu nikaelewa kwamba bila pumzi ile ubeti wenyewe usingechoma moyo. Nikachukua jalada na miwani, nikasoma kila mstari, hata shukrani kwa dereva, nisikuone. Nilikasirika sana. Labda mtoto anayeambiwa "nyamaza, usiwasumbue watu" kila anapodai chake hukua bila kujua kudai.

Basi kabla hujafungua hata waya mmoja, andikianeni: jina lako, kazi yako, malipo yako. Usiseme mtazungumza baadaye. Na masikio yapumzishe. Usichanganye sauti hadi alfajiri, kwa kuwa sikio lililochoka hudanganya.

Lile godoro ulilolisimamisha ukutani kuzuia mwangwi nimelishusha, mdogo wako analilalia. Waya zako nimezizungusha kwenye kiwiko nikazifunga; mama yako anasema hutaki zikunjwe hivyo, lakini nilikuwa nimeshamaliza. Bawaba ya mlango wa chumba chako bado inalia, nami nimeiacha ilivyo, kwa sababu uliwahi kusema unautaka mlio huo.

Mkishatia saini, nitumie picha ya karatasi, upande wenye jina lako.

Mimi baba yako.