Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Makavazi ya Kitaifa: mafundi viatu wa Siyu nao wana wajukuu

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Makavazi ya Kitaifa ya Kenya,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Pokea salamu za heshima kutoka Malindi. Nakuandikia mimi na jamaa zangu ambao asili yetu ni Siyu, kisiwani Pate. Wazee wetu walikuwa mafundi wa ngozi, washona makubadhi, yaani viatu vya ngozi vya gidamu. Kisha wakahama. Wengine waliishia Lamu, wengine hapa Malindi, wengine Mombasa, na wapo waliotweka tanga hadi Unguja. Nani alikuwa mtoto wa nani, nani alitangulia na nani alibaki nyuma, hayo tunayajua nusunusu tu, kwa vinywa vya wazee ambao kila mwaka wanapungua. Nusu iliyobaki imo katika karatasi, na ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Anayefika Siyu leo ataiona ngome kando ya hori, minazi, na magofu ya nyumba za mawe. Asipoambiwa hatajua kwamba katika karne ya 19 huu ulikuwa mji wa maulamaa na mafundi. Misahafu ilinakiliwa hapo kwa mkono, na ngozi ya Siyu ilisifika pwani nzima. Ulikuwa pia mji usiokubali kutawaliwa. Bwana Mataka, na baada yake mwanawe Mohammed, waliwapinga Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Zanzibar, kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1840 jeshi la Sayyid Said lilipigwa vibaya kisiwani humo, na jemadari wake, Amir Hamad bin Ahmed, akauawa. Siyu ilikuja kusalimu amri mwaka 1863, zama za Sayyid Majid.

Habari za masultani na majemadari zimeandikwa na zinasomwa. Habari za waliowavisha viatu hazikuandikwa na mtu. Wala si kwamba watu hao hawakuwa na historia. Vita viliwafukarisha wanunuzi wao. Malindi ilipofufuliwa mwaka 1861 na mashamba ya nafaka yakaanza kuleta fedha, soko lilihamia huku. Mwenye shamba hawezi kulibeba, lakini fundi viatu alifunga kisu chake, sindano zake na ubao wa kukatia, akashuka bandarini. Baadaye vikaja viatu vya dukani, kisha vya kiwanda cha Bata cha Limuru, na watoto wa mafundi wakaacha ngozi wakawa makuli, mabaharia, makarani. Siyu kwenyewe kazi haijafa. Wapo wanaoshona hadi leo.

Nyumbani kwetu imebaki jozi moja. Soli yake ni matabaka ya ngozi ya ng'ombe yaliyoshonwa pamoja pembezoni, mishono midogo iliyopangika sawasawa hata huoni uzi ulianzia wapi. Gidamu ya mguu wa kulia imelika mpaka imekuwa nyembamba. Ya kushoto imekatika ikatiwa kiraka cha ngozi ya rangi nyingine, na mishono ya kiraka hicho ni mikubwa, imekwenda upande. Aliyeshona makubadhi siye aliyetia kiraka. Kwangu hiyo ni habari nzito: ilipokatika gidamu, fundi alikuwa hayupo tena, na pale nyumbani hapakuwa na mwingine aliyejua kazi. Je, alikufa? Alirudi Siyu? Alivuka kwenda Unguja, kama anavyosema shangazi yangu? Kiatu hakisemi zaidi ya hapo.

Karatasi zingeweza kusema. Tangu mwaka 1906 palikuwa na sheria ya kusajili ndoa na talaka za Waislamu, na madaftari yake yana jina la bwana arusi, la baba yake, la walii wa bibi arusi na la mashahidi. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi, na wenye viwanja na mashamba ya pwani wakatakiwa wafike mbele ya msajili, wataje majina yao na jinsi walivyokipata kila kipande. Gazeti rasmi la serikali limechapishwa tangu 1899, na ndani yake mna matangazo ya mirathi ya watu wadogo kabisa. Maofisa wa wilaya ya Lamu waliandika ripoti kila mwaka na kuweka kumbukumbu za miji na koo. Ripoti hizo ziko kwako.

Shida ni namna ya kumpata mtu humo. Wazee wetu hawakuwa na jina la ukoo la kuandikwa mwishoni kama Wazungu. Mtu alikuwa fulani bin fulani, na kwa kuwa mafulani ni wengi, karani aliongeza kazi yake au mji wake. Kwa hiyo majina matatu yakiwekwa peke yake katika faharasa hayanisaidii, maana watanitokea watu wengi wenye majina hayo hayo. Nipe kazi na mji, nami nitamjua babu yangu. Na mji wenyewe uliandikwa kwa namna nyingi: Siyu, Siu, Siwi. Katika ofisi moja nilikokwenda kuulizia, nilitakiwa nilete nambari ya kitambulisho cha mzee aliyefariki kabla vipande havijaanza kutolewa. Simlaumu kijana aliyeniuliza. Fomu aliyopewa ndiyo iliyomtaka aulize hivyo.

Ombi langu la kwanza, basi, ni faharasa inayotaja kazi na mji. Mwenye kutafuta fundi viatu wa Siyu ampate, na mwenye kutafuta mfua dhahabu wa Lamu au seremala wa Matondoni naye ampate. Najua ni kazi ya macho na ya miaka. Lakini pwani imejaa vijana waliosoma Kiarabu madrasa na Kiingereza skuli, wanaosoma hati za mkono bila kusitasita. Wafunzwe, walipwe, wafanye kazi hiyo huku huku.

La pili ni kubwa zaidi. Ukanda wa pwani ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hadi Desemba 1963, ingawa Waingereza ndio walioutawala tangu 1895. Ndiyo maana karatasi za familia moja zimesambaa. Za zama za Masultani ziko Unguja, katika nyaraka za Kilimani. Za wakoloni ziko Nairobi na Mombasa. Barua za mabalozi wa Kiingereza ziko Kew, London, katika nyaraka za taifa za Uingereza. Halafu kuna filamu ndogo (maikrofilamu) za nyaraka zilizopigwa kutoka Makavazi yetu wenyewe, ambazo zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York. Mwanafunzi wa huko akitaka kusoma ripoti za Lamu anakwenda kwa miguu. Mzee wa Siyu akitaka kuona jina la babu yake inambidi apande boti hadi Lamu, avuke Mokowe, ashike basi la Garsen na Malindi mpaka Mombasa, kisha aanze safari nyingine ya Nairobi, na nauli hana.

Tunaomba nakala, Mheshimiwa. Fungueni mazungumzo na wenzenu wa Zanzibar na wa Kew, mpate nakala za kinachohusu visiwa vya Lamu. Zungumzeni na Kadhi Mkuu kuhusu madaftari ya zamani ya ndoa yaliyomo katika mahakama za pwani. Unyevu wa bahari na mchwa havingoji kikao. Kisha nakala hizo zisomeke Lamu, hata kama ni chumba kimoja chenye kompyuta mbili na mtu anayejua kusaidia. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizoko kwa serikali. Haki hiyo mkaazi wa Siyu anaifikiaje akiwa Siyu?

Lipo jambo moja ambalo baadhi ya jamaa zangu wangependa nisiliguse. Si kila mshona makubadhi alikuwa muungwana. Wapo waliokuwa watumwa wa mafundi, wakajifunza kazi kwa mabwana zao, na wapo waliotumwa kufanya kazi mji mwingine na ujira ukaenda kwa bwana. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, na wamiliki walidai fidia. Madai hayo nayo yanahifadhi majina ya watu. Naomba yasifichwe na yasiwekwe mbali na mengine. Kama babu yangu yumo upande huu au ule, nataka kumjua. Aliyeshona mishono ile alikuwa na mkono wa ajabu, awe alijishonea mwenyewe au alimshonea bwana. Kuna familia hapa Malindi zimenyamaza vizazi vitatu kwa aibu isiyo yao, na watoto wao hawana hata jina moja la kumwombea dua.

La mwisho ni la haraka kuliko yote. Karatasi zina mlinzi, wazee hawana. Bado wapo Siyu na Lamu wazee wanaoweza kuhesabu shajara hadi mababu saba, na kukuambia nani alishona, nani alidabagha ngozi, nani aliolewa Malindi na jahazi la nani lilimchukua. Tumeni watu wenye vinasa sauti, na wawe wanaokijua Kisiu na Kiamu, kwa sababu mzee akilazimika kusema Kiswahili cha redio atafupisha maneno. Waanzie kwa mafundi walio hai, wawaulize walifunzwa na nani, na huyo naye alifunzwa na nani. Nasaba ya ufundi mara nyingi hukumbukwa vizuri kuliko nasaba ya damu, maana mwanafunzi alimtaja mwalimu wake kila siku ya kazi.

Sisi kwa upande wetu tuko tayari. Tuna hati mbili za Kiarabu, barua za shangazi zilizotoka Unguja, na yale makubadhi. Tutavileta Mombasa vipigwe picha siku mtakayotupangia, na nimeshazungumza na familia nyingine za asili ya Siyu hapa mjini zenye makasha ambayo hayajafunguliwa kwa mtu wa nje. Zinasubiri kuona jibu lako kwanza.

Wako kwa heshima,

Mjukuu wa mshona makubadhi,
Malindi.