Hiyo say ya Perl

Swahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeipata, na kejeli zako nimeziona: eti watu wazima wameongeza amri nzima, say, kwenye lugha ya programu ya Perl ili tu wasiandike \n, ile alama ya kushuka mstari.

Wewe umelelewa na lugha ya Python, amri yake ya kuchapa, print, inashuka mstari yenyewe. Ya Perl haishuki. Tangu Larry Wall alipoitoa lugha hiyo mwaka 1987, print inachapa ulichoipa, basi. Na \n yenyewe ina masharti: iweke ndani ya alama moja za kunukuu badala ya mbili, inachapwa hivyohivyo ilivyo. Panapoudhi hasa ni kwenye orodha. Ukiandika print for @majina, majina yote yanatoka yamegandana kama tambi zilizolala. Ilibidi uandike print "$_\n" for @majina, $_ ikiwa ni jina lililofikiwa. Sasa ni say for @majina, kila jina na mstari wake. Kwa mtu anayeandika viskripti vya mistari miwili mitatu kutwa nzima, hiyo si anasa.

Waliiazima kutoka Perl 6, hii inayoitwa Raku siku hizi, ikaingia katika toleo la 5.10, Desemba 2007. Ila ninachowavulia kofia ni namna walivyoiingiza. Kulikuwa na programu za miaka ishirini zinazofanya kazi, na huenda mwenye programu alishajitungia say yake humo. Basi wakaifungia ndani: mpaka uiombe kwa use feature 'say' au use v5.10, la sivyo Perl haiitambui. Ukiandika programu papo hapo kwenye terminali, unatumia perl -E badala ya perl -e ya kawaida. Programu kuukuu haina habari kama nyumbani kuna mgeni. Nyie je? Mwaka 2008 Python 3 ikadai mabano kwenye print, skripti za watu zikagoma.

Ina ukorofi wake, sikatai. Haiangalii kama maneno yako tayari yana \n. Soma faili mstari kwa mstari, uitoe kwa say bila kupitisha kwanza chomp, amri inayokata \n ya mwisho wa mstari, utapata mstari mtupu kati ya kila mistari miwili. Hapo mimi hubaki na print.

Nitumie ile skripti yako ya orodha ya kikoba niiandike upya kwa Perl. Mabano yote nitakurudishia.

Wako,
Swahibu